Kutoka picha ya kitabu cha 1502 hadi sauti nne: mwongozo kamili wa kuimba muziki wa kale kwa simu na kompyuta

Mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa, kisha Malindi. Mwaka huohuo, huko Venice, Ottaviano Petrucci alipewa na serikali ya mji haki ya pekee ya kuchapa muziki wa sauti nyingi kwa miaka 20. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1501. Mwaka uliofuata akachapa Motetti A, mkusanyiko wa nyimbo za kanisa, na wimbo alioutanguliza ni Ave Maria ya mtunzi Josquin des Prez. Maneno yake ya mwanzo kila Mkatoliki wa kwetu anayajua kwa Kiswahili: Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe.

Zamani, kuuona ukurasa huo kulihitaji nauli ya kwenda Italia, viza, na barua ya utambulisho ya kumwonyesha mtunza maktaba. Leo unaweza kuufungua kwenye simu ukiwa umekaa kwenye benchi la kanisa, ukisubiri waimbaji wenzako wafike mazoezini.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya au mwimbaji anayesoma solfa, au nota za mistari mitano, na anayetaka kuimba muziki wa kale kutoka kwenye chanzo chenyewe. Ninaposema muziki wa kale sina maana ya zilipendwa. Nazungumzia muziki wa Ulaya wa kabla ya takribani 1750, hasa ule wa sauti nyingi wa karne ya 15 na 16. Nitatumia wimbo huo mmoja wa Josquin kama mfano mwanzo hadi mwisho. Jambo ninaloliamini, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba faida kubwa ya teknolojia hapa ni kutuondolea mtu wa kati. Ukurasa ulioimbiwa miaka 500 iliyopita umetufikia wenyewe. Kilichobaki ni kujua kuusoma.

Hatua ya kwanza: vifaa

Simu yenye intaneti inatosha kuanzia. Kompyuta utaihitaji ukifika kwenye kuandika noti, na hata ya zamani itafanya kazi, kwa sababu programu ya MuseScore ni ya bure. Kishikwambi chenye kioo kikubwa kitakufaa siku ya kuimba. Picha za hati zenye ubora wa juu hula bando vibaya sana, kwa hiyo tafuta mahali penye Wi-Fi, uzipakue zote kwa mpigo na kuzihifadhi.

Hatua ya pili: tafuta chanzo, usianze na nakala

Wengi huanza kwa kupakua nakala iliyokwisha kuandikwa upya na mtu mwingine. Mimi nilianza hivyo. Nilichukua wimbo wa sauti nne kutoka kwenye mtandao, ulioandikwa na mtu nisiyemjua, tukaufanyia mazoezi wiki tatu. Kila tulipofika katikati, sauti ya tena (tenor) na ya besi zilikwaruzana, nami nikawalaumu waimbaji wa tena. Siku nilipofungua picha ya kitabu cha asili niliona kisa chake: aliyenakili alisahau nukta moja pembeni ya noti, na kwa sababu ya nukta hiyo sauti ya tena yote ilikuwa inawahi kwa nusu pigo mpaka mwisho wa kifungu. Niliwaomba msamaha mbele ya kwaya nzima. Tangu siku hiyo nakala za watu nazitumia kulinganishia tu, baada ya kuuona ukurasa wenyewe.

Pa kutafuta ni hapa. RISM ni kazi ya kimataifa iliyoanza mwaka 1952 ya kuorodhesha vyanzo vya muziki vilivyoko kwenye maktaba za dunia. Kila maktaba imepewa kifupi chake: D-Mbs ni Bayerische Staatsbibliothek ya München, GB-Lbl ni British Library ya London, F-Pn ni maktaba ya taifa ya Ufaransa, Paris. Vizoee vifupi hivi mapema, maana utavikuta kila mahali na ndivyo utakavyoviandika utakapotaja chanzo chako. DIAMM, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1998, imekusanya picha na maelezo ya hati za muziki wa sauti nyingi wa enzi za kati. IMSLP, iliyoanza 2006, ina maelfu kwa maelfu ya nota zilizopigwa skani, na imejiita pia maktaba ya Petrucci kwa kumuenzi mchapaji wetu. Kwa anayependa nyimbo za Kigregoriani, yaani zile za kale za kanisa za sauti moja, hazina ya monasteri ya St. Gallen nchini Uswisi iko kwenye tovuti ya e-codices. Fungua hati namba 359, ya karne ya 10, uone alama ndogondogo za mkono zilizoandikwa juu ya maneno kabla mistari haijatumika. Nayo hifadhidata ya Cantus itakuonyesha wimbo fulani wa Kigregoriani unapatikana kwenye hati zipi.

Kwa Josquin kuna mahali pa pekee: Josquin Research Project ya Chuo Kikuu cha Stanford. Humo unaweza kutafuta mahadhi kwa kuandika mfuatano wa noti au mapigo tu, nayo ikakuonyesha yanapotokea kwenye tungo nyingine za enzi ile. Ni muhimu pia kwa sababu tungo nyingi zilizobandikwa jina la Josquin baada ya kifo chake mwaka 1521 zina mashaka, na wataalamu wa mradi huo wanaeleza ni zipi zenye ushahidi wa uhakika. Ave Maria yetu haina mashaka.

Vyanzo vyetu viwe viwili. Cha kwanza ni Motetti A, ambacho nakala yake iko Bologna, kwenye makumbusho na maktaba ya muziki ya jiji hilo. Cha pili ni hati ya mkono Mus. ms. 3154 ya München, ambamo wimbo huu uliandikwa katika robo ya mwisho ya karne ya 15. Kwa nini viwili? Kwa sababu mchapaji hukosea na mnakili hukosea, lakini ni nadra wote wawili kukosea mahali pamoja.

Hatua ya tatu: iangalie picha kabla hujaisoma

Maktaba nyingi sasa zinatumia mfumo wa pamoja wa kuonyesha picha unaoitwa IIIF. Faida yake kwako ni hii: unaweza kufungua dirisha moja, upande huu ukaweka picha kutoka maktaba moja na upande wa pili picha kutoka maktaba ya nchi nyingine, ukazikuza zote mpaka uone nyuzi za karatasi. Lolote utakalolitilia shaka baadaye utalimalizia hapa.

Tumia dakika kumi kutazama tu. Katika Motetti A utaona sauti nne hazijapangwa moja juu ya nyingine kama tulivyozoea. Kila sauti ina eneo lake kwenye kurasa mbili zinazotazamana: soprano juu kushoto na tena chini yake, alto juu kulia na besi chini yake. Waimbaji walisimama pamoja mbele ya kitabu kimoja, kila mtu akifuata kona yake. Hakuna mistari ya kugawa vipimo. Mwisho wa kila mstari kuna alama ndogo iliyopinda, mfano wa mkia wa kamba. Hiyo si noti ya kuimba. Inakutajia noti ya kwanza ya mstari unaofuata ili sauti yako isitafute njia. Nilipoielewa alama ile nilijisikia kama mtu wa miaka 500 iliyopita amenishika mkono.

Petrucci alipitisha karatasi kwenye mtambo zaidi ya mara moja. Mistari ilichapwa peke yake na noti zikachapwa juu yake. Ukikuza picha utaona mahali ambapo noti imesogea kidogo. Hapo ndipo macho hudanganyika: je, iko kwenye mstari au kwenye nafasi? Weka alama, utairudia.

Kama chanzo chako kimeharibika, usikate tamaa haraka. Kwenye simu, punguza mwanga wa picha na uongeze utofauti wa weusi na weupe. Mara nyingi noti iliyofifia hujitokeza. Wataalamu wamekwenda mbali zaidi. Vitabu vya sauti vya John Sadler vilivyoko maktaba ya Bodleian, Oxford, vililiwa na wino wake wenyewe, noti za upande mmoja zikatokeza upande wa pili, na mradi wa Tudor Partbooks ukazisafisha kurasa hizo kidijitali hadi zikasomeka tena. Huko Firenze, kwenye kanisa la San Lorenzo, kuna kitabu ambacho muziki wake wa karne ya 14 na mwanzo wa 15 ulikwanguliwa ili ngozi itumike kuandikia rejista ya mali. Kwa kukipiga picha chini ya miale ya aina mbalimbali, ukiwemo urujuanimno, watafiti wameweza kuyasoma yale yaliyokwanguliwa.

Hatua ya nne: kusoma noti za zamani ukiwa na solfa kichwani

Hapa ndipo watu wengi huogopa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki nina habari njema. Solfa tunayoimba kanisani ilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover na John Curwen, ikaletwa na wamisionari. Lakini mizizi yake ni ya Guido wa Arezzo, karne ya 11, aliyefundisha ut, re, mi, fa, sol, la. Mtoto wa kwaya wa enzi ya Josquin hakusoma noti kama funguo za kinanda. Alitafuta mi na fa ziko wapi, akazihesabu kwenye viungo vya kiganja chake. Nasi hufanya hivyohivyo: do yetu inahama, na tunachokishika ni umbali kati ya noti na noti. Mwimbaji wa solfa wa Mwanza au Kisumu yuko karibu zaidi na Josquin kuliko mpiga piano mwenye vyeti.

Sasa fanya hivi. Tazama ufunguo mwanzoni mwa mstari. Mara nyingi utakuta ufunguo wa C, ambao unakuonyesha mstari upi ndio C. Iite do, kama hakuna alama ya kushusha noti. Ipandie na kuishukia kwa solfa, mpaka kila mstari upate jina.

Kisha ujue urefu wa noti. Brevis ni mraba mtupu. Semibrevis ni almasi tupu. Minima ni almasi tupu yenye kijiti, na semiminima ni hiyohiyo iliyojazwa wino. Longa ni mraba wenye mkia kulia. Wimbo wetu uko kwenye mizani ya C iliyopigwa mstari: brevis moja ni semibrevis mbili, semibrevis moja ni minima mbili. Nukta huongeza nusu ya urefu wa noti, kama ilivyo leo.

Alama za kunyamaza ni vijiti vya wima. Kijiti kinachojaza nafasi moja ni brevis. Kinachoning'inia kutoka kwenye mstari ni semibrevis. Kilichosimama juu ya mstari ni minima. Vihesabu kwa penseli, hasa mwanzoni: soprano huanza peke yake, alto akaja na mahadhi yaleyale, kisha tena, kisha besi. Ukikosea ukimya wa mwanzo, wimbo mzima umekwenda.

Utakutana na noti mbili au zaidi zilizounganishwa. Kanuni zake ni nyingi, lakini moja itakutoa kwenye sehemu kubwa ya matatizo: kama upande wa kushoto wa noti ya kwanza kuna kijiti kinachopanda juu, noti mbili za kwanza ni semibrevis, kila moja. Nyingine jifunze utakapozikuta.

Mahali pa kuwa mwangalifu ni kifungu cha Ave vera virginitas, ambako mizani inageuka kuwa ya mapigo matatu. Katika mizani hiyo brevis yaweza kuwa na semibrevis tatu au mbili kutegemea noti zilizo jirani nayo, na nukta yaweza kuwa ya kutenganisha makundi badala ya kuongeza urefu. Huko ndiko utakakotumia hati ya München kulinganisha noti kwa noti.

Hatua ya tano: andika kwenye MuseScore

Zipo programu zinazosoma picha za noti zenyewe. Aruspix ilitengenezwa mahsusi kwa vitabu vilivyochapwa zamani. Ni msaada mkubwa kwa mtafiti mwenye mamia ya kurasa. Kwa wimbo mmoja mimi naona mkono ni bora, kwa sababu ukimaliza kuandika sauti ya tena unakuwa tayari unaijua.

Fungua faili jipya la sauti nne. Andika sauti moja mpaka mwisho ndipo uanze nyingine. Acha urefu wa noti wa asili, au upunguze kwa nusu kama waimbaji wako wanashtuka wakiona noti nyingi nyeupe. Ukipunguza, sema hivyo mwanzoni mwa nakala. Mistari ya vipimo ipitishe katikati ya sauti na sauti, isikate ndani ya mistari mitano. Ni jambo dogo, lakini mwimbaji akiona mstari mbele ya kila noti ya nne huanza kuipiga nyundo noti ya kwanza, na muziki huu haukutungwa hivyo.

Ukimaliza, hakiki mara mbili. Kwanza, sauti zote nne zifike mwisho kwa wakati mmoja. Kama besi imebakiwa na pigo moja, kuna alama ya kunyamaza umeiruka. Pili, bonyeza programu iucheze wimbo na usikilize migongano. Josquin anatumia migongano, lakini kwa adabu: noti inayogongana huwa imeandaliwa kabla, kisha hushuka hatua moja kwenda kwenye utulivu. Ukisikia sauti mbili zinaruka na kugongana ghafla, rudi kwenye picha. Mara nyingi utakuta umeandika noti hatua moja juu au chini ya ilipo.

Hatua ya sita: noti ambazo hazikuandikwa

Mwimbaji wa zamani alipandisha au kushusha nusu toni bila kuandikiwa, kwa sababu alifundishwa kanuni. Kompyuta haitakufanyia kazi hii. Programu huimba kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakijakamilika. Kwa bahati nzuri kanuni zinaelezeka kwa solfa.

Sauti mbili zinapofunga sentensi kwa kufikia noti ileile moja juu moja chini, moja yao lazima ifike kwa nusu toni. Wakifunga kwenye so, sauti ya juu inatoka fa na ya chini inatoka la: fa iwe fe. Wakifunga kwenye re, do iwe de. Wakifunga kwenye la, so iwe se. Wakifunga kwenye mi, usipandishe kitu, kwani fa ya chini inashuka kwenda mi kwa nusu toni tayari.

Kanuni ya pili ni kuepuka fa na ti kupambana, ama ndani ya mahadhi ama kati ya sauti mbili zinazopaswa kuwa tano safi, yaani umbali kama wa do hadi so. Ishushe ti iwe ta. Na mahadhi yanapopanda la, ti, kisha kurudi la, mara nyingi ti hiyo huimbwa ta.

Alama unazoongeza ziandike juu ya noti, zisiwe pembeni yake. Hivyo atakayeimba kutoka kwenye nakala yako atajua kipi ni cha Petrucci na kipi ni chako, naye atakuwa na haki ya kukukatalia. Kwenye mafungio mawili matatu utabaki na mashaka. Imba njia zote mbili na waimbaji, kisha waulize.

Hatua ya saba: chagua kimo, kisha safisha masikio

Enzi ile C ya kwenye karatasi haikuwa na kimo maalumu kama cha leo. Bonyeza programu ikuhamishie wimbo juu au chini mpaka soprano wasipige kelele na besi wasizame. Usione haya.

Kilicho kigumu, na kitamu, ni usafi wa sauti. Kinanda cha kisasa kimegawa oktava kwenye nusu toni 12 zilizo sawa, kwa hiyo mi yake iko juu kuliko mi ya asili. Kwa kipimo cha senti, ambacho nusu toni moja ya kinanda ni 100, mi ya kinanda iko 400 kutoka do. Mi safi iko 386. Mwaka 1482, hukohuko Bologna, Bartolomé Ramos de Pareja alichapa kitabu kinachotetea mi hiyo safi, na wanazuoni wenzake wakamshambulia. Msikilize mwenyewe uamue.

Chukua simu tatu na uweke kwenye kila moja programu ya bure ya kutoa toni. Chagua toni yenye umbo la msumeno, maana ile laini haitaonyesha tofauti. Simu ya kwanza iweke 200 hezi, hiyo ni do. Ya pili 300, hiyo ni so. Ya tatu weka 252, karibu kabisa na mi ya kinanda. Utasikia mtetemo wa haraka, kama mara nane kwa sekunde, unaochafua mlio wote. Sasa ishushe simu ya tatu taratibu hadi 250. Mtetemo unapungua kasi, unapungua, unakoma. Mara ya kwanza tulipofanya hivi kwenye chumba cha mazoezi, mama mmoja wa alto aliinua kichwa akasema, "Imetua." Tangu hapo tunatumia neno hilo: mi ikichafuka tunaambiana itue.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Besi washike do kwa herufi ya u, tena waongeze so mpaka isitetemeke, kisha alto waingie na mi kutokea juu, wakishuka hadi itue. Dakika tano kila mazoezi. Kinanda kifungeni kabisa mnapojifunza wimbo huu. Tumieni toni moja ya do kutoka kwenye simu.

Hatua ya nane: mazoezi

MuseScore itakutolea faili la sauti kwa kila kundi. Litume kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, soprano yao, alto yao, ili mtu ajifunze akiwa kwenye daladala. Lakini weka ukomo. Wiki mbili zikitosha, waambie wafute. Sauti ya kompyuta haipumui, haijui kwamba neno plena lina silabi nzito na nyepesi, na mwimbaji anayeisikiliza mwezi mzima huanza kuimba kama mashine.

Baadaye leta kishikwambi, au uweke picha ya Petrucci ukutani kwa projekta, na waite waimbaji wanne wasimame mbele yake. Waimbe kutoka kwenye chanzo. Mara ya kwanza wataanguka. Mara ya tatu utaona kitu: kwa kuwa hawaoni sauti za wenzao kwenye karatasi, wanaanza kuzisikiliza. Anza na Ave vera virginitas, soprano na tena peke yao. Mwimbaji wa tena anaimba mahadhi ya soprano, tano chini, akimfuata kwa karibu sana. Kwenye nakala yenye vipimo jambo hilo huonekana kama hesabu. Mbele ya picha, tena anaisikia soprano ikimtangulia kwa pumzi moja naye anaikimbilia.

Kabla hujashirikisha wengine

Josquin amekufa miaka 500 iliyopita na tungo zake ni za wote. Nakala aliyoiandaa mhariri wa leo yaweza kuwa na haki miliki, na picha za maktaba zina masharti yake. Soma yaliyoandikwa chini ya picha. Si jambo la mzaha. IMSLP yenyewe ilifungwa Oktoba 2007 baada ya barua ya mchapaji mmoja wa muziki, ikarudi Juni 2008. Nakala uliyoiandika mwenyewe ni yako, na unaweza kuiweka CPDL, maktaba huru ya nyimbo za kwaya iliyoanza 1998. Andika juu yake chanzo, kifupi cha maktaba, namba ya hati, namba ya karatasi, na kila ulichobadilisha. Ongeza na mistari ya solfa chini ya noti, kwa ajili ya kwaya za kwetu.

Hatua ya mwisho: sikiliza jengo

Mwaka 2010 watafiti wa Stanford walipasua mapulizo ndani ya Hagia Sophia, Istanbul, wakarekodi mlio na mwangwi wake. Kutokana na rekodi hizo walijenga kwa kompyuta mwangwi wa jengo lile, unaodumu takribani sekunde 11, na kundi la Cappella Romana likaimba ndani yake nyimbo za Kibizanti wakiwa Marekani. Albamu yao ilitoka 2019. Waimbaji walilazimika kubadilisha mwendo wao, kwa sababu jengo lilikuwa linaimba nao.

Nenda kanisani kwenu siku hakuna watu. Weka simu ikirekodi katikati, simama wanapokaa wanakwaya, pasua pulizo. Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, upime sekunde kutoka mlio hadi kimya. Ukipata chini ya sekunde moja na nusu, usiburute. Bati na dari ya mbao havitakubebea noti ndefu. Ukipata tatu au zaidi, punguza mwendo, na konsonanti zitamkwe na wote kwa wakati mmoja. Rudia pulizo la pili Jumapili baada ya misa, watu wakiwa bado wamekaa, uone nguo na miili vinavyomeza sauti.

Namba hiyo iandike kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho wa nakala yako, juu ya maneno O mater Dei, memento mei. Hapo sauti zote nne huacha kufukuzana na kutembea pamoja kwa noti ndefu. Mlio wa mwisho wa Amen una do na so tu; mi haipo, kwa hiyo asitokee mtu wa kuiongeza kwa huruma. Besi washike do, so itue, mkono wako ubaki juu. Wakikata, hesabu zile sekunde ulizopima, ndipo uushushe.